Mmeru Aliyewashtaki Wakoloni New York, Kisha Akarudi Kwao

Wadau, mnalalamika viza ngumu? Basi mcheki Kirilo Japhet, mtu wa Meru, hapo jirani kabisa na Arusha mjini.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwatimua Wameru wapatao 3,000 kule Ngarenanyuki. Nyumba zikachomwa moto ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Wameru wakachangishana hela, na mwaka 1952 Kirilo akafika New York kuwashtaki Waingereza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa.

Balaa liko hapa: Mtanganyika wa enzi hizo hakuwa raia wa Uingereza, alikuwa "chini ya ulinzi" wake tu. Yaani jamaa alikwenda kuwashtaki watu walewale waliopaswa kumlinda akiwa ugenini! Na kurudi nyumbani ilikuwa kurudi mikononi mwao.

Akarudi. Ardhi hakuja nayo, ila alifika salama na kisa cha Meru kikasambaa nchi nzima. TANU ikazaliwa 1954, na 1955 Nyerere naye akasimama mbele ya baraza lilelile.

Ungekuwa wewe, ungerudi?