Tarehe ya Fremu za Titani na Haki ya Mlango wa Somerville

Watu wa Tennessee hawachoki kudai kwamba baiskeli ya titani ilizaliwa kwao. Nimeyasikia madai hayo tangu nilipokuwa nafagia sakafu ya karakana mjini Boston, kabla sijaruhusiwa kushika spana, na kila mara wazee walionifunza kazi walicheka, wakamimina kahawa, wakaianza upya habari hii. Naiandika kama nilivyoipokea, ili atakayeokota fremu ya zamani isiyo na stika apate kujua ni mtoto wa nani.

Waliotangulia hawana maneno mengi. Speedwell wa Birmingham, Uingereza, walitengeneza fremu ya titani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wazee husema Luis Ocaña aliipanda milimani mwaka 1973 alipotwaa Tour de France. Wakafuata Teledyne wa California na fremu yao waliyoiita Titan. Hao walitumia titani tupu, isiyotiwa kitu, nayo ikawa laini: ukikanyaga pedali kwa nguvu fremu inayumba, na nyingi zilipata nyufa. Habari yao imekwisha.

Sasa ndio tunafika kwa wenyewe. Somerville, jirani na Boston, palikuwa na karakana ya Fat City ya Chris Chance, iliyokuwa ikitengeneza baiskeli za milimani za chuma. Humo ndimo walimopikwa Gary Helfrich na Mike Augspurger. Mwaka 1986 wakaungana na Gwyn Jones, wakafungua mlango wao, Merlin Metalworks. Na akili yao yote waliiweka kwenye bomba.

Ndege kubwa ina mishipa ya haidroliki, mabomba membamba yanayopeleka mafuta yenye shinikizo kwenye mabawa na magurudumu. Mabomba hayo hutengenezwa kwa titani iliyochanganywa na alumini 3% na vanadi 2.5%, ndiyo mafundi huiita tatu-mbili-nusu. Hayana mshono. Huvutwa yakiwa baridi mpaka yagangamae, kisha hupashwa moto kiasi ili mkazo uliobaki ndani utoke. Mlango wa Somerville wakaona kwamba kinachostahimili shinikizo la ndege kitastahimili na miguu ya mtu. Wakataka bomba la namna hiyo lakini nene kwa kipenyo, maana titani ina karibu nusu tu ya ukakamavu wa chuma. Ndiyo sababu bomba la chini la fremu ya chuma ya kizamani ni milimita 28.6, na la titani iliyofikiriwa vizuri hufika 31.8 au 34.9. Uzito haukuwatisha: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina gramu 7.8 hivi, ya titani ina 4.5.

Kuchomelea ndiko kulikowatoa jasho. Titani ikipata moto huinywa hewa kama mchanga unavyokunywa maji, na ikishakunywa inakuwa kama kigae. Kwa hiyo gesi ya agoni hupitishwa nje kwenye ncha ya moto na pia ndani ya bomba lenyewe. Mshono ukitoka na rangi ya fedha, fundi anakwenda kula. Ukitoka rangi ya majani makavu, atauangalia mara mbili. Ukitoka buluu au zambarau, au ukiwa na unga mweupe, fremu hiyo ikatwe. Mzee mmoja alinionyesha kipande cha bomba chenye rangi zote hizo zikifuatana kama mkufu. Alikuwa amekiweka dirishani miaka mingi, na alikataa kukiuza.

Hapa lazima niseme ajabu moja, maana nikiiacha wazee watanilaumu. Wamarekani walipotaka kuunda ile ndege ya kijasusi SR-71, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1964, mwili wake karibu wote ulihitaji titani, na wao hawakuwa nayo ya kutosha. Aliyekuwa nayo ni Mrusi. Basi shirika la ujasusi likainunua kwa Mrusi kupitia kampuni za bandia na nchi za watu wengine, likaunda ndege ya kumchungulia Mrusi yuleyule aliyewauzia. Na msomaji wa Mombasa ataniuliza, mchanga wetu wa Kwale wenye titani je, ule uliokuwa ukipakiwa melini Likoni tangu 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwisho wa 2024? Ule ni wa ukoo mmoja, lakini sehemu kubwa ya madini ya namna hiyo duniani huishia kuwa rangi nyeupe ya ukuta na ya plastiki. Baiskeli hupata makombo.

Turudi. Mlango wa Somerville wakatoa fremu ya barabarani, na baada yake wakatoa Extralight, ambayo mabomba yake yamepunguzwa unene katikati kwa ndani na kuachwa mazito kwenye ncha, pale mshono unapopita. Tom Kellogg wa Pennsylvania akawachorea pembe za fremu, na fremu zake mwenyewe za jina la Spectrum akaagiza kwao. Kwa hiyo ukiona Spectrum ya titani ya enzi hizo, mama yake yuko Massachusetts. Specialized walipotaka vifundo vya titani vya kuungia mabomba ya kaboni ya Epic Ultimate, walibisha mlango huohuo.

Sasa hao watu wa Tennessee. Akina Lynskey wa huko walikuwa na kiwanda cha kuchonga vyuma. David Lynskey alijitengenezea baiskeli ya titani miaka hiyohiyo ya 1980, ikawa Litespeed. Waliunda nyingi, baadhi zikatembea kwa majina ya watu, zikiwemo titani za Eddy Merckx. Vortex yao ilikuwa ya titani ngumu zaidi, ya mchanganyiko ambao mafundi huuita sita-nne. Mistari hiyo inawatosha.

Lakini ugomvi wenyewe uko hapa. Mwaka 2000 jina la Merlin lilinunuliwa na kampuni iliyokuwa na Litespeed, na kazi ikahamishiwa Tennessee. Tangu hapo mtu akisema ana Merlin hajasema kitu. Muulize ni ya kabla au ya baada. Watu wa Tennessee husema hakuna tofauti. Wanaosema hivyo ndio walionunua jina. Waliolelewa Somerville walikwishatawanyika: Augspurger alikuwa na One-Off yake, Rob Vandermark alianzisha Seven pale Watertown mwaka 1997.

Majira ya baridi yaliyopita kijana alituletea fremu iliyopakwa rangi nyeusi, nene kama lami. Duka lililomuuzia lilimwambia ni ya chuma. Mzee wangu alichukua sumaku ya kuokotea misumari, akaibandika kwenye bomba la juu, ikaanguka sakafuni. Kijana akasema basi ni alumini. Mzee hakujibu. Aliligeuza bamba linaloshika gurudumu la nyuma, akakwangua rangi, chini yake pakawa pa kijivu cha wingu la masika. Akalisugua kwenye kigae kilicholowa maji, likaacha mstari wa kijivu kama wa penseli. Titani hufanya hivyo.

Kalipa ikasoma 31.8 kwenye bomba la chini. Nikaingiza kidole kwenye bomba la kiti nikitafuta mshono, kwa kuwa sita-nne ya zamani mara nyingi ilikuwa bati lililokunjwa na kuchomelewa kwa urefu. Palikuwa laini kote. Kisha nikaitoa mikono ya pedali, nikamulika tochi pale chini yanapokutana mabomba. Hapakuwa na hesi. Beringi zilikuwa zimeshindiliwa tupu ndani ya kikopo chake, bila hesi za kufungia vikombe. Mzee akavua miwani. Fremu za mwanzo za Merlin ndizo zilizokuwa na mtindo huo, na kwenye titani sijauona kwa wengine waliopita mikononi mwangu.

Kijana, ambaye sasa alikuwa amesimama wima, akauliza kama ni Extralight. Kuna anayegonga bomba kwa ukucha na kudai anausikia wembamba wa katikati. Mimi sikuwahi kuusikia. Tuliazima kifaa cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti. Nchani kilisoma milimita 0.9, katikati kikasoma 0.9. Si Extralight, ingawa stika za Extralight zinauzwa na yeyote hununua, na nimeziona kwenye mabomba yasiyostahili. Mchanganyiko wa metali tuliupima kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwenye bastola ya eksrei ya kutofautishia mali yake. Vanadi ikaja mbili na nusu, na mnunuzi papo hapo akataja bei ya kilo. Kijana akaikumbatia fremu yake kwa mikono yote miwili.

Tulikwangua ile rangi siku mbili. Namba ilitokea chini ya pedali, imegongwa kwa mkono, tarakimu moja imeinama. Mzee akaipangusa kwa kitambaa, akapaka gundi kwenye beringi mpya, akazishindilia taratibu, akamwambia kijana asiipande mpaka kesho, gundi ikauke.