Mvumo wa gitaa la besi
Mvumo wa gitaa la besi ni ngurumo inayosikika kwenye spika hata nyuzi zikiwa kimya, kwa kuwa pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, hunasa mtetemo wa nyuzi pamoja na uga wa umeme wa jengoni. Precision Bass ya Fender, iliyotoka mwaka 1951, ilipewa mwaka 1957 pikapu ya vipande viwili vyenye waya na sumaku za mielekeo iliyopingana, hivyo mivumo yake hufutana huku sauti ya nyuzi ikibaki. Mvumo usiobadilika nyuzi zikishikwa, bali unaopungua chuma cha soketi ya gitaa kikiguswa, huashiria kwamba waya wa ardhi uendao kwenye daraja la nyuzi umekatika. Ukizidi nyuzi zikiguswa, aghalabu nyaya za soketi zimepishanishwa.