Vita Vilipowanyima Watoto Kiti cha Enzi

Mfalme Æthelred wa Wessex, kusini mwa Uingereza, alifariki dunia mwaka 871 baada ya miezi ya mapigano mfululizo na Waviking. Aliacha wana wawili wadogo, Æthelhelm na Æthelwold. Lakini aliyetawazwa ni mdogo wa marehemu, Alfred, kijana wa miaka 22 hivi.

Kwa Waanglo-Saksoni, watu wa Wessex na falme jirani, kuzaliwa kifungua mimba hakukutosha. Mrithi alipaswa kuwa wa damu ya kifalme, akubaliwe na wakuu wa nchi, na aweze kuongoza jeshi. Kaka watatu wa Alfred walikuwa wamekwisha kupokezana kiti hicho. Zaidi ya hayo, wasia wa Alfred unaeleza kwamba yeye na Æthelred waliafikiana mapema: atakayebaki hai achukue urithi wao wa pamoja, na watoto wa marehemu wapewe fungu lao.

Wessex ilikuwa imeona yaliyowapata majirani. Jeshi kubwa la Waviking lilitua East Anglia mwaka 865. Huko Northumbria wafalme wawili, Osberht na Ælla, walikuwa wakigombea utawala. Mji wa York ukatekwa mwaka 866, na wafalme hao walipopatana kwenda kuukomboa mwaka uliofuata, wote wawili waliuawa. Mwaka 869 Mfalme Edmund wa East Anglia naye aliuawa. Katika hali hiyo, kumngoja mtoto akue kungekuwa sawa na kuitoa nchi kwa adui.

Alfred naye nusura aangamie. Januari 878 alishambuliwa ghafla Chippenham, akajificha kwenye vinamasi vya Athelney. Miezi michache baadaye alimshinda Guthrum huko Edington, na kiongozi huyo wa Waviking akakubali kubatizwa.

Alfred alipofariki mwaka 899, mwanawe Edward alishika utawala. Æthelwold, sasa mtu mzima, aliteka Wimborne, alikozikwa baba yake. Aliposhindwa kuushikilia mji huo alikimbilia Northumbria, na Waviking wa huko wakampokea kuwa mfalme. Akarudi na jeshi la maadui wa ukoo wake, akauawa vitani Holme mwaka 902.

Alfred husifiwa kwa vita na elimu, lakini msingi wa ushindi wake ni mapatano ya ndugu wawili waliokataa kugombana adui akiwa mlangoni. Mapatano hayo yaliiokoa Wessex. Kasoro yake ni kwamba haki ya watoto wa Æthelred iliachwa bila ufumbuzi, na kizazi kilichofuata kikaigombania kwa damu.