Mumiani wa Buguruni

Mwaka 1959, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, umati wa watu wa Buguruni, Dar es Salaam, uliwavamia polisi kwa kuamini kwamba ni mumiani, watu wanaowinda damu ya binadamu. Askari mmoja aliuawa. Bibi yangu alikuwa akiishi Buguruni wakati huo, na hadi anafariki hakukubali kwamba askari huyo alionewa. “Mjukuu wangu,” alikuwa akiniambia, “gari lao lilikuwepo. Wewe ulikuwa hujazaliwa.”

Mimi ni muuguzi. Miaka mingi kazi yangu Temeke imekuwa kuwatoa watu damu, kwa hiyo kisa hiki kinanihusu kuliko wengi.

Mumiani wenyewe ulikuwa dawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaueleza kuwa kitu cheusi mithili ya gundi, kilichosemekana kutoka Uajemi. Aliyevunjika mfupa alipakwa, au aliyeyushiwa kwenye samli akanywa. Kamusi hiyo hiyo inasema wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukizuka kwamba inatafutwa, jua likizama ni nadra watu kutoka nje. Zamani hizo za ukoloni, hofu ikawaangukia wazimamoto na magari yao mekundu. Nairobi na Kampala nako walisimulia hivyo hivyo. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alivichukua visa hivyo kuwa ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala uliokuwa juu yao.

Watu wa Buguruni waliona mengi. Waliona misako ya kodi. Waliona wasio na kazi wakikamatwa mjini na kurudishwa makwao kwa nguvu. Waliona gari la serikali likiingia mtaani, likiondoka na mtu, na hakuna anayeelezwa kitu. “Hawakuwa wanapiga hodi,” bibi alisema. Kuhusu gari, namwamini. Kuhusu damu, simwamini, na hapo ndipo ninapotaka tuwe makini: kisa kinaweza kuwa shahidi wa kweli wa machungu ya anayekisimulia, na papo hapo kikawa shahidi wa uongo dhidi ya anayenyooshewa kidole.

Tusidhani hayo yalikwisha na ukoloni. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa pamoja na dereva wao, na gari likachomwa moto. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Wanakijiji waliwadhania wanyonya damu.

Ndiyo maana sichoki kueleza. Kabla sijamfunga mtu mpira mkononi, namkabidhi mfuko mtupu aushike. Namwambia unaingia mililita 450, damu yake itapimwa, itahifadhiwa kwenye baridi kwa siku zisizozidi 35, na atapewa mama aliyevuja damu akijifungua au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria. Kuna anayeuliza, “Mnaiuza?” Namjibu kwa heshima, maana swali lake lina historia ndefu kuliko umri wake na wangu. Akikataa, ameondoka akijua. Ambaye hakuelezwa atajitungia maelezo yake, na majirani watayaamini.

Wajibu huo si wa wauguzi peke yao. Yeyote anayekwenda mtaani au kijijini kupima, kuchimba au kuandikisha, aanze kwa mwenyekiti na kwa wazee, aseme anachotafuta na anakokipeleka. Nasi tunaopokea visa, siku hizi vinatufikia kwenye simu usiku wa manane, tuna wajibu wetu. Kabla ya kupiga yowe, tuulize: nani ameona kwa macho yake, na ameona nini hasa? Yule askari wa Buguruni alistahili swali hilo liulizwe. Wale watatu wa Chamwino pia.