Waandishi Wapya Huingilia Mlango Gani? Historia Fupi na Ombi kwa Walimu Wenzetu

Mwanzoni mwa mwaka mmoja wa masomo tuliwaomba wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandike majina ya watunzi watano wa riwaya za Kiswahili wanaowafahamu. Karatasi ziliporudi, zilikuwa kama zimeandikwa na mkono mmoja: Shaaban Robert, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, na hapa na pale Adam Shafi. Hakuna aliyemtaja mtunzi hata mmoja ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka baada ya mwaka 2000. Wengi hawakufikisha watano. Kijana mmoja alituuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, siku hizi bado wapo watu wanaotunga riwaya kwa Kiswahili?"

Swali hilo lilituchoma, kwa sababu jibu tulikuwa nalo na hatukuwa tumelisema darasani. Majina yale waliyapata kwetu sisi walimu, na sisi tuliyapata kwa walimu wetu. Katika makala haya tungependa kurudi nyuma kidogo katika historia ya riwaya ya Kiswahili, tuone mwandishi asiyejulikana aliwafikia vipi wasomaji, na nani alimfungulia mlango. Baada ya hapo tutataja baadhi ya vitabu vya miaka ya karibuni ambavyo tunaona vinastahili kusomwa hapa Bujumbura.

Tuanze na Shaaban Robert, ambaye leo hakuna asiyemtambua. Alizaliwa mwaka 1909, akafanya kazi ya ukarani serikalini, akafariki mwaka 1962. Riwaya zake mbili ambazo walimu wengi huzitumia, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, zilichapishwa mwaka 1968, yaani miaka sita baada ya mwandishi kuzikwa. Basi hata huyu tunayemwita gwiji aliondoka duniani huku sehemu ya kazi zake bado haijafika mikononi mwa msomaji. Ukubwa wa mwandishi haujileti wenyewe; lazima kuwe na watu wa kuupokea.

Mlango wa kwanza ulikuwa mashindano. Mwaka 1948 serikali za kikoloni za Uingereza katika eneo hili zilianzisha East African Literature Bureau, iliyokuwa na makao yake Nairobi, ili kuchapisha na kusambaza vitabu katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Katika shindano lake la uandishi wa hadithi la mwaka 1957-58, nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Mzanzibari Muhammed Said Abdulla. Alikuwa amewahi kufanya kazi katika idara ya afya, kisha akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Ndipo wasomaji walipokutana na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na rafiki yake Najum. Kwa kitabu hicho riwaya ya upelelezi ilipata makazi katika Kiswahili, na miaka michache baadaye Faraji Katalambulla akaja na Simu ya Kifo (1965).

Hapa tuwakumbushe wanafunzi wetu jambo moja la kihistoria. Burundi haikuwamo katika eneo la shirika hilo. Wakati ule tulikuwa chini ya Ubelgiji, pamoja na Rwanda, na vitabu vya shule vilikuwa vya Kifaransa na Kirundi. Kiswahili kilikuwapo Bujumbura, na kina mizizi mirefu: kilikuja na wafanyabiashara na wapagazi wa njia ya Ujiji, kikakaa Buyenzi na sokoni. Lakini kilikaa kama lugha ya kusemwa. Mtu wa Buyenzi aliweza kukisema toka asubuhi hadi usiku bila kukiona kwenye kurasa za riwaya. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, miaka 30 baada ya Jumuiya ya awali kuvunjika mwaka 1977. Kwa hiyo sisi ni wasomaji tuliochelewa kualikwa karamuni, na aliyechelewa hupewa kilichobaki katika sufuria. Orodha zetu fupi za vitabu zina sababu yake.

Mlango wa pili ni sisi walimu, na mlango huu unaweza kufunguliwa au kufungwa. Mfano wake mkubwa ni Rosa Mistika. Ilipotoka mwaka 1971, Euphrase Kezilahabi alikuwa kijana ambaye hajafikisha miaka 30, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliyekuwa ametoka tu kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alimwandika msichana aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, ambaye akifika shuleni mbali na nyumbani anakosa wa kumwongoza, mpaka maisha yake yanaharibika. Wakubwa waliona kitabu hicho hakifai kwa wanafunzi, kikapigwa marufuku mashuleni. Baadaye kikaja kuwa kitabu cha kusomwa na wanafunzi hao hao. Kezilahabi alifariki Januari 2020 akiwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya fasihi yetu. Je, kama wasomaji wa mwanzo wangengoja mpaka jina lake liwe kubwa ndipo wamsome, lingekuwaje kubwa?

Mlango wa tatu ni wasomaji wenyewe. Riwaya pendwa za miaka ya 1970 na 1980 hazikungoja silabasi. Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba, yenye jasusi Willy Gamba, ilipendwa kwa sababu msomaji mmoja alimwambia mwenzake, "Soma hiki, usiku hutalala." Wahakiki waliziangalia hadithi za aina hii kwa jicho la kando, lakini hapana shaka kwamba ziliwafundisha maelfu ya watu kumaliza kitabu kizima cha Kiswahili. Kwa mwalimu wa lugha hilo si jambo dogo.

Tuje sasa katika wakati wetu. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Mabati-Cornell ya Kiswahili kwa Fasihi ya Afrika, kwa ushirikiano wa kampuni ya Mabati Rolling Mills ya Kenya na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Baadaye ikaitwa Tuzo ya Safal-Cornell. Jumla ya zawadi zake ilikuwa dola 15,000 za Marekani, na ilipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tanzania nayo ikaanzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Mlango wa Bwana Msa, baada ya miaka zaidi ya hamsini, ulifunguliwa tena.

Nani wameingia? Miongoni mwa washindi wa riwaya katika tuzo ile ya kwanza tunamkuta Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu (2015), Idrissa Haji Abdalla kwa Kilio cha Mwanamke (2016), Ali Hilal Ali kwa Mmeza Fupa (2017), Zainab Alwi Baharoon kwa Mungu Hakopeshwi (2018) na Halfani Sudy kwa Kirusi Kipya (2021). Tunamwomba msomaji ayatazame majina hayo matano na ajiulize kwa unyofu: ni mangapi aliyoyasikia katika darasa la fasihi?

Kama mtu ana nafasi ya kutafuta viwili tu, tungemshauri aanze na Mungu Hakopeshwi na Mmeza Fupa. Kwanza, majina yenyewe ni somo. La kwanza ni usemi ambao mama yeyote wa Buyenzi angeuelewa bila kamusi: malipo ya Mungu hayana deni. La pili linatukumbusha methali ya anayemeza fupa kwa kulitegemea koo lake. Mwalimu anaweza kutumia kipindi kizima kuwauliza wanafunzi wanatarajia nini kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Pili, ukizisoma kando ya Rosa Mistika, utaweza kupima lugha ya riwaya imetembea wapi tangu mwaka 1971.

Hatusemi kwamba tuzo ni hati ya ubora. Musiba hakuhitaji tuzo ili asomwe, na si kila kilichoshinda kitadumu. Wala hatusemi wakongwe wawekwe kando. Asiyejua kisima hawezi kusifu maji. Tunasema tu kwamba orodha isiyoongezeka humfundisha mwanafunzi kuwa fasihi ni kazi ya marehemu na ya watu wa mbali.

Na hili lina gharama. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alituletea daftari la hadithi alizotunga kwa Kiswahili, Kiswahili cha hapa hapa mjini. Tukamwambia asome kwanza magwiji, kisha arudi. Alishukuru, akachukua daftari lake, akaenda. Hakurudi. Laiti siku ile tungempa riwaya ya mtu aliye hai, asiye na jina, aliyeanza na daftari kama lake!

Basi ombi letu kwa walimu wenzetu ni dogo. Kila muhula, pamoja na vitabu vya silabasi, lisomwe japo toleo moja la mwandishi ambaye wanafunzi hawajawahi kumsikia. Anayesafiri kwenda Kigoma au Dar es Salaam arudi na nakala moja, na nakala hiyo ipite mikononi mwa watu. Mwanafunzi atakayeisoma aandike nusu ukurasa: kimemvutia nini, kimemchosha nini, na atampa nani akisome. Nusu ukurasa hizo tutazichapisha katika jarida hili kwa furaha.

Na yule mwenye daftari, kama anasoma maneno haya, tunamwomba radhi. Mlango wa ofisi uko wazi, na safari hii tutasoma kwanza.