Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Ziwa Tanganyika: mizigo na watu hufikaje Kigoma

Gunia la unga linalogawiwa Nyarugusu au Nduta, ikiwa limetoka ng'ambo, mara nyingi limeshushwa kwanza bandari ya Dar es Salaam. Mbele yake kuna safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli au lori. Makala hii inaeleza njia hiyo na sababu za kukwama kwake.

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905. Ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, umbali wa kilomita 1,250 hivi. Nia ilikuwa kushusha mazao ya bara hadi pwani, si kuunganisha vijiji, na ndiyo maana hadi leo wilaya za Kasulu na Kibondo, zenye kambi, hazipitiwi na reli.

Upana wa reli hiyo ni milimita 1,000. Ng'ambo ya ziwa, reli inayotoka Kalemie kuingia ndani ya Kongo ina milimita 1,067. Kwa hiyo mzigo wa Kalemie hushushwa Kigoma, ukapakiwa melini, ukashushwa tena Kalemie na kupakiwa upya. Kila kushusha kuna malipo ya wapagazi, siku za kusubiri na magunia yanayochanika, na gharama hiyo humfikia mnunuzi sokoni.

Tena njia ni moja. Mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yalisomba reli, na treni za kutoka Dar es Salaam zikakatika kwa miezi. Lori hubeba mzigo pale reli inaposhindwa, ila kwa bei ya juu.

Udhaifu huu ulionekana wazi zaidi Kagunga, mwaka 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walifikia kijiji hicho kidogo cha wavuvi, mpakani kabisa. Nyuma kuna mlima mkali, mbele ziwa, na barabara ya gari haikuwepo. Maji na vyoo havikuwatosha wageni wala wenyeji. Kipindupindu kikazuka na kuua watu. Njia kuu ya kuwatoa ilikuwa MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, kisha ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini 1927. Ilibeba watu kama 600 kwa safari. Kwa kuwa Kagunga hapakuwa na gati, watu walipelekwa melini kwa boti ndogo, wazee na watoto wakipandishwa mmoja mmoja. Walipofika Kigoma walipumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Wengi wanaosoma hapa wanaikumbuka safari hiyo kuliko sisi tunavyoweza kuieleza. Miaka iliyofuata Liemba yenyewe ilisimama ikisubiri ukarabati mkubwa.

Sasa kuna mabadiliko. Treni ya umeme ya reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435, ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulitiwa saini Desemba 2022, na wa Uvinza hadi Musongati, Burundi, Januari 2025. Musongati ina nikeli nyingi ardhini. Reli bado inafuata mzigo unaolipa, kama zamani. Hata hivyo abiria na mchele vinaweza kupita humohumo.

Kwa mkazi wa kambini au wa vijiji jirani, barabara huenda ikaleta nafuu mapema kuliko reli. Benki ya Maendeleo ya Afrika iligharamia lami kutoka Kabingo kupitia Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260 hivi, katika mradi mmoja na barabara ya Rumonge hadi Gitaza upande wa Burundi. Penye lami, lori halilali njiani kwa tope la masika, na mgonjwa wa rufaa hufika hospitali siku hiyohiyo. Mkimbizi anayetaka kutumia barabara hiyo kwenda nje ya kambi bado anahitaji kibali. Aulize kwanza ofisi ya kambi kabla ya kulipa nauli.