Mtu wa Mivukuto

Postikadi ya ndani ya kanisa kuu ina kawaida yake. Kama kuna kinanda cha mabomba, lazima kionekane: safu ya mabomba yanayong'aa, mengine marefu kushinda mtu mara mbili au tatu. Kinanda hicho ni filimbi nyingi zilizokusanywa pamoja. Mpigaji akibonyeza, hewa inaingia kwenye bomba na bomba linalia. Kabla ya mota za umeme, hewa hiyo ilitoka kwa mtu aliyejificha nyuma akivukuta mivukuto kama ya mhunzi. Akichoka, wimbo unakufa. Kwenye postikadi hayuko.

Huyo mtu humkumbuka kila nikipanda matatu ya Nakuru kwenda Nairobi kupitia Mai Mahiu. Pale chini, kabla gari halijaanza kuhema kupanda kuelekea Limuru, kuna kanisa dogo la Kikatoliki ambalo watalii hawapiti bila kulipiga picha. Lilijengwa 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, waliotekwa Waingereza walipoishinda Italia huku Afrika Mashariki. Barabara hii waliichonga wao. Ndani wanaenea watu kama 12 hivi. Bomba moja tu la noti nzito linaweza kufika futi 16; ukiliingiza humo, waumini itabidi watoke.

Lakini kanisa hili lina jambo lake: waliovukuta ndio wanaokumbukwa. Mwulize dereva yeyote, atakwambia, "Hilo ni la Wataliano."

Sasa twende miaka kumi mbele. All Saints ya Nairobi, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa 1917, ilikamilika 1952. Oktoba mwaka huohuo, serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Wakikuyu waliokuwa maskwota kwenye mashamba ya wazungu hapa Bonde la Ufa walifukuzwa kwa maelfu, na wengi wakaishia kambini. Wafungwa wa Mau Mau walichimba mifereji ya Mwea. Walijenga kwa mikono uwanja wa ndege wa Embakasi, uliofunguliwa 1958, ambao leo tunauita Jomo Kenyatta.

Wafungwa kwa wafungwa, sululu kwa sululu, na bwana ni yuleyule. Mtaliano alipewa nafasi ya kuinua mawe machache kwa ajili ya Mungu wake, na mawe hayo yakamtunzia jina. Wa Embakasi walijenga njia ya ndege na hakuna anayeinama pale kuwakumbuka. Tunakimbilia mizigo tu.

Sina shida na Wataliano. Walikuwa mbali na kwao, na kile kikanisa ni kizuri kweli. Ila nikiona ndege ikishuka, nasikia kinanda kikubwa kikilia, na najiuliza babu ya nani yuko kule nyuma, kwenye mivukuto.